Nyumba Moja, Bima Mbili

Watu wa pwani yetu walilijua neno rehani kabla ya kulijua neno bima. La kwanza tulilipata kwa Waarabu, la pili kwa Wahindi, na yote mawili yamekaa katika Kiswahili kama wageni waliozoeleka, hata hakuna tena anayewauliza walikotoka. Katika miaka yangu ya kufundisha historia, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, niliyataja maneno haya mara nyingi bila kuyatazama pamoja. Fedha ya binti yangu ndiyo iliyonilazimisha kuyatazama. Kati ya mwaka 2016 na 2019 benki iliyomkopesha nyumba ilimtoza bima ya nyumba ambayo tayari alikuwa ameikatia bima yeye mwenyewe. Lakini kabla sijaeleza shauri hilo, naomba ndugu msomaji aniruhusu nirudi nyuma, maana ugomvi wa namna hii haueleweki vizuri mpaka mtu ajue kwa nini mkopeshaji anadai bima hapo awali.

Tuanzie Unguja. Katika karne ya 19, wakati wa Seyyid Said na wanawe, mashamba mengi ya mikarafuu yaliendeshwa kwa mikopo. Mwenye shamba alihitaji fedha ya chakula, ya vifaa na, tusifiche, ya kununua watumwa. Mfanyabiashara wa Kihindi wa mjini alikuwa nayo fedha hiyo. Shamba likawekwa rehani, deni likangojea mavuno, na mavuno yakiwa mabaya deni likangojea mavuno mengine. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa sana ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu si muhogo. Ukipandwa leo, mpandaji atangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma. Kwa hiyo mwenye shamba wa Unguja alibaki na ardhi tupu na deni kamili, na aliyemkopesha alibaki na karatasi ya rehani iliyosimama juu ya miti iliyolala. Hapakuwa na bima ya kuwaokoa, si huyu wala yule.

Madeni ya karafuu yaliendelea kurithiwa, baba kwa mwana. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ya Zanzibar ilitoa amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiendelee kuhamia mikononi mwa wakopeshaji, na za kusimamisha kwa muda unyang'anyi wa mashamba yaliyowekwa rehani. Amri hizo, pamoja na nyingine zilizofuata juu ya biashara ya karafuu, zilizua uhasama mkubwa, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu hadi mwaka uliofuata. Wanafunzi wangu walizoea kuuliza nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Mimi niliwaomba watazame jambo jingine: wadaiwa walipata nafuu, lakini waliipata kama tendo la huruma la mtawala. Hakuna aliyekaa na daftari la mdai kulikagua mstari kwa mstari na kusema hiki ni halali, na hiki sicho. Nitalirudia jambo hili.

Sasa tuvuke bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666 moto ulizuka London katika tanuri la mwoka mikate mmoja, Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Ulipozimika siku chache baadaye, ulikuwa umeteketeza nyumba kiasi cha 13,200 na makanisa ya mitaa 87. Basi wapangaji wengi wa mji ule walikuwa wamejifunga kwa mikataba kuzikarabati nyumba na kuendelea kulipa kodi hata nyumba ikiwa majivu. Sheria, kama ingefuatwa neno kwa neno, ingewamaliza. Bunge likaunda mahakama maalumu ya moto, ambayo majaji wake walianza kusikiliza mashauri mwaka 1667. Kazi yao ilikuwa kugawa hasara: mpangaji aliyekubali kujenga upya aliongezewa miaka ya kupanga au kupunguziwa kodi. Waliuliza swali ambalo hata leo halijazeeka: hasara hii ni moja, je, nani anaibeba, na kwa kiasi gani?

Kutokana na majivu hayo ndipo ilipoota bima ya moto. Karibu mwaka 1680 Nicholas Barbon, mganga aliyegeuka kuwa mjenzi wa majumba, alifungua ofisi ya kukatia nyumba bima. Nyumba ya mbao ilitozwa maradufu ya nyumba ya matofali, kwa kuwa huwaka upesi zaidi. Angalia ndugu msomaji: tangu siku ya kwanza ada ya bima ilipimwa kwa hatari. Anayelipa hununua ulinzi fulani kwa hatari fulani. Kadiri bima ilivyoenea, wakopeshaji nao waliiona faida yake. Mtu aliyekopesha fedha juu ya nyumba alianza kutia sharti katika mkataba kwamba nyumba iwe na bima muda wote wa deni, na kwamba yeye atajwe katika hati ili moto ukitokea alipwe kwanza. Sharti hilo ni la haki. Laiti lingekuwapo Unguja mwaka 1872! Sipendi kusikia watu wakiibeza bima ya nyumba kana kwamba ni hila ya mabenki. Si hila. Hila huanza pale ulinzi mmoja unapouzwa mara mbili.

Waingereza waliliona hilo mapema. Mwaka 1774 Bunge lao lilipitisha sheria dhidi ya bima za kamari, yaani mtu kukatia bima kitu kisichomhusu. Baadaye mahakama zao zikaimarisha kanuni ya pili, kwamba bima ni fidia na si faida. Mfano ninaoupenda ni shauri la Castellain na Preston la mwaka 1883. Preston alikuwa na nyumba Liverpool, akakubaliana kuiuza kwa pauni 3,100. Kabla mauzo hayajakamilika nyumba ikaungua, na kampuni ya bima ikamlipa pauni 330. Kisha mnunuzi naye akalipa bei yote kama walivyoagana. Kampuni ikadai irudishiwe pauni zake, na mahakama ya rufaa ikasema zirudi, kwa kuwa Preston hakubakiwa na hasara yoyote. Nyumba huungua mara moja na hulipwa mara moja. Mtu akiikatia bima katika kampuni mbili, kampuni hizo zitagawana fidia, wala hazitampa nyumba mbili.

Lakini kwa uaminifu wa mwalimu sina budi kutaja upande wa pili. Mwaka 1877 mahakama hiyo hiyo ya rufaa ilitoa hukumu juu ya nafaka iliyoungua katika ghala la London. Mwenye ghala alikuwa na bima yake na mwenye nafaka alikuwa na yake. Majaji walisema hizo si bima mbili za jambo moja, kwani kila mmoja alilinda maslahi yake mwenyewe. Kwa hiyo mkopeshaji anaweza kusema, na mara nyingi husema: "Wewe umekatia bima nyumba yako, mimi nimekatia bima deni langu." Maneno hayo yana mzizi katika sheria. Swali linalobaki ni dogo na ndilo zito: ikiwa bima ya pili ni ya maslahi yako wewe, kwa nini ada yake naitoa mimi?

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 biashara yote ya bima ikawekwa mikononi mwake. Mikopo ya nyumba ilikabidhiwa Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, mtu hakuwa na haja ya kuuliza bima ya nani. Bima ilikuwa moja kwa sababu mwenye bima alikuwa mmoja. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini kosa la bima mbili lilikuwa gumu kutokea.

Kisha milango ikafunguliwa. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 iliruhusu mabenki ya watu binafsi. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Sheria ya bima ya mwaka 1996 iliondoa ukiritimba, na kampuni binafsi zikaingia. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, mfanyakazi wa kawaida aliyetaka nyumba alijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wake, kama nilivyojenga mimi. Mwaka 2008 ndipo Bunge lilipopitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha ya muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Kwa hiyo binti yangu alipokopa mwaka 2015, alikuwa katika kizazi cha watu ambao wazazi wao hawakuwahi kushika mkataba wa namna ile. Karani aliyemhudumia naye alikuwa hivyo hivyo. Wote wawili walikuwa wanajifunza somo jipya, ila mmoja wao ndiye aliyekuwa akilipia darasa.

Sasa nieleze shauri lenyewe. Mkataba ulimtaka binti yangu aikatie nyumba bima kila mwaka, ataje benki kuwa mlipwaji wa kwanza, na apeleke nakala ya hati. Kifungu kilichofuata kilisema kwamba endapo atashindwa kufanya hivyo, benki inaweza kukata bima hiyo na kumtoza. Nyumba ilithaminiwa shilingi 75,000,000, na kila mwaka aliilipia kampuni ya bima shilingi 187,500. Kila mwaka pia alipeleka nakala benki, na kila nakala iligongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hilo la muhuri lilikuwa fundisho la mama yake, ambaye alikuwa karani wa masjala kwa miaka 30 na hakuwahi kuamini karatasi isiyo na muhuri.

Januari 2020 alinijia na barua ya onyo. Benki ilisema amechelewa marejesho na kwamba inaweza kuchukua hatua zaidi. Mumewe alikuwa amekwisha kusikia habari za notisi ya siku 60 na mnada, na usingizi ulikuwa umewatoka. Akaniambia, "Baba, sijachelewa hata mwezi mmoja, mshahara unapita pale pale." Tukaomba taarifa ya akaunti ya miaka yote. Tulikaa nayo mezani siku mbili, yeye akisoma, mimi nikiandika. Ndipo tukakuta kwamba mwezi wa Novemba wa miaka 2016, 2017, 2018 na 2019 palikatwa shilingi 225,000, na pembeni pameandikwa kifupisho ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Mara mbili makato hayo yalipunguza akaunti hata salio halikutosha rejesho la mwezi, akatozwa faini ya shilingi 40,000 kila mara. Jumla ilikuwa shilingi 980,000. Maana yake, kuchelewa alikolaumiwa kulikuwa kumetengenezwa na benki yenyewe.

Tulikwenda. Kijana wa dawati la mikopo alinipa shikamoo yake kwa adabu, akatueleza kwamba benki ina bima ya kundi inayowafunika wakopaji wote, na kwamba kompyuta hukata yenyewe. Nikamwuliza, "Mwanangu, kompyuta hiyo imesoma mkataba?" Akacheka, nami nikacheka, lakini fedha haikurudi kwa kicheko. Nilichokuwa nimejifunza kwa kuongoza walimu ni kwamba malalamiko ya mdomo hufia kwenye kizingiti cha ofisi. Tukaandika.

Barua ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja namba ya kifungu, tarehe nne za makato, tarehe nne za mihuri, na kiasi tunachodai. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, likisema kwamba bima ya benki inalinda maslahi ya benki, ambayo ni tofauti na maslahi ya mkopaji. Nilipolisoma nilikumbuka ghala la nafaka la 1877, na nakiri nilifurahi kidogo kukutana na rafiki wa zamani. Barua ya pili ikajibu hoja hiyo kwa hoja. Kwanza, maslahi ya benki yamekwisha kulindwa na hati ya mkopaji, kwa kuwa benki imetajwa humo kuwa mlipwaji wa kwanza. Pili, kama benki inataka ulinzi wa ziada hakuna anayeizuia, lakini mkataba unairuhusu kumtoza mkopaji pale tu anaposhindwa kukata bima, na hakushindwa. Tatu, nyumba ikiungua kampuni mbili zitagawana fidia ile ile, kwa hiyo shilingi 225,000 hazikumnunulia mkopaji chochote. Tuliuliza pia kama benki hupata kamisheni kwa bima hiyo ya kundi. Swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Chini ya barua tuliandika kwamba nakala zitapelekwa Benki Kuu. Hatukuwa tunatisha. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zilikuwa zimetolewa mwaka 2019, na utaratibu unataka mtu alalamike kwanza kwa maandishi katika benki yenyewe, kisha ndipo apande juu. Kwa upande wa kampuni za bima, sheria ya mwaka 2009 iliweka mamlaka ya usimamizi na msuluhishi wa migogoro. Wazee wa mashamba ya karafuu hawakuwa na ngazi hizi. Sisi tunazo, na ni aibu kuziacha zioze kwa kutozipanda.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi changa tu. Huko Marekani mabenki yalizoea kumkatia mkopaji bima kwa nguvu, mara nyingi kwa bei kubwa kuliko ya kawaida, na baadhi yakipata kamisheni juu yake, hata mwaka 2013 jimbo la New York likaweka masharti ya kukomesha kamisheni hizo. Sheria yao ya mwaka 2010, kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2014, inamtaka mkopeshaji atume taarifa siku 45 kabla ya kutoza, kisha atume ukumbusho. Mkopaji akionyesha kwamba alikuwa na bima yake, fedha ya kipindi ambacho bima zilipandana lazima irudishwe katika siku 15. Nilipenda uwazi wa kanuni hiyo. Haimwiti mkopeshaji mwizi. Inampa saa na kumwambia muda wako ni huu.

Mwezi wa Juni 2020 shilingi 980,000 zilirudi katika akaunti, pamoja na barua iliyofuta onyo. Binti yangu alipiga vigelegele, na nilikuwa na kila sababu ya kufurahi naye. Lakini barua ile ilisema kwamba benki imerudisha fedha hizo "kwa hisani, kwa kuthamini uhusiano wetu na mteja." Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikaandika barua ya tatu, safari hii fupi sana, nikiomba neno hisani liondolewe na mahali pake paandikwe kwamba makato hayakuwa halali kwa mujibu wa mkataba. Binti yangu alinisihi niache. "Baba, fedha imerudi, neno litatudhuru nini?" Nikamwambia litamdhuru anayekuja nyuma yako. Hisani hutolewa kwa anayepiga hodi, tena akipendwa. Haki ni ya wote walio katika daftari lile, hata yule ambaye hana baba mstaafu wa kukaa naye mezani siku mbili. Kama makato yalikuwa kosa kwa mmoja, yalikuwa kosa kwa kila mkopaji wa bima ya kundi aliyekuwa na hati yake. Barua ya tatu haikujibiwa. Nakala yake ipo katika jalada, ina muhuri wa kupokelewa.

Huu ndio uzi ninaouona kuanzia mashamba ya Unguja mpaka dawati la kijana yule mwenye adabu. Mdaiwa wa zamani alisamehewa au hakusamehewa, kutegemea moyo wa mkubwa. Majaji wa London waliokaa kugawa hasara ya moto walianza kumwondoa mdaiwa katika huruma na kumweka katika hesabu. Safari hiyo haijaisha. Kila mara benki inaporudisha kwa hisani kilichokuwa haki, tunasogezwa nyuma hatua moja, hata kama mfukoni tumeongezewa.

Kwa msomaji mwenye mkopo wa nyumba nina ushauri wa kizee, wala hauhitaji elimu kubwa. Soma kifungu cha bima katika mkataba wako, uone ni nani anayekata na ni wakati gani benki inaruhusiwa kukata badala yako. Hakikisha benki imetajwa katika hati yako. Peleka nakala kila mwaka na usiondoke bila muhuri. Omba taarifa ya akaunti hata kama hujashuku kitu, na ukikuta kifupisho usichokielewa, uliza maana yake kwa maandishi. Anayekudai asikasirike ukihesabu naye, kwa kuwa waliotutangulia walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.